Kwilti inapogoma chini ya sindano: mguu wa kawaida, mguu wa kutembea, kushusha meno au mashine ya kiwandani?

Fundi anayeshona magauni na mashati mwaka mzima anaweza kukwamishwa na kwilti moja ya kitanda, yaani blanketi la vitambaa viwili lenye pamba katikati. Vitenge ni vilevile, uzi ni uleule, cherehani ni ileile. Lakini mishono inaanza mirefu, ikifika katikati inabanana, na mwisho wa mstari kitambaa cha juu kimebaki na ziada ya vidole viwili inayoning'inia mbele ya mguu wa cherehani. Ukigeuza upande wa chini unakuta vikunjo vilivyoshonewa humo humo.

Akiuliza, anapewa majibu yanayogombana. Mmoja atamwambia anunue mguu wa kutembea, mwingine ashushe meno yanayosukuma kitambaa na kuendesha kwa mikono, wa tatu atamtuma kwa mafundi wa sofa. Wote wana hoja, ila kila mmoja anatibu tatizo lake. Hapa nazilinganisha njia nne kwa vigezo vilevile, ili uchague kwa kazi uliyo nayo mezani.

Kinachotokea chini ya mguu

Cherehani za kawaida, kuanzia ile nyeusi ya kukanyaga hadi ya umeme ya plastiki, husogeza kitambaa kwa utaratibu ambao Mmarekani Allen B. Wilson aliupatia hataza mwaka 1854. Meno yanapanda juu ya bamba, yanasukuma kitambaa kwenda nyuma, yanashuka, kisha yanarudi mbele yakiwa chini ya bamba. Ni hatua nne zinazojirudia kwa kila mshono.

Shida ya kwilti imejificha hapo. Meno yanagusa kitambaa cha chini tu. Juu kuna mguu wa chuma laini ambao kazi yake ni kukandamiza, hausogezi kitu. Kitambaa cha juu husogea kwa sababu tu kinasuguana na cha chini. Ukishona poplini juu ya poplini, msuguano huo unatosha. Ukiweka pamba au poliesta katikati, tabaka la juu linalala juu ya kitu kinachobonyea na kuteleza, mguu unalizuia kwa juu, meno yanaondoka na la chini. Kila mshono unapoteza kidogo, na kwenye mstari wa mita mbili kile kidogo kinakuwa kikunjo.

Kwanza ujue inaumwa nini

Watu husema "cherehani haivuti" kwa matatizo mawili tofauti, na dawa ya moja haiponyi jingine.

La kwanza ni kitambaa kutosogea kabisa, au kusogea kwa kushtukashtuka hata ukiwa na tabaka mbili nyembamba. Hapo usinunue chochote. Fungua bamba la sindano utazame katikati ya safu za meno. Pamba ya kwilti huacha vumbi jingi la nyuzi, na likichanganyika na mafuta linashindiliwa hadi linakuwa gumu, linajaza mifereji na kuyazuia meno yasipande. Lichokonoe kwa sindano nene, pitisha brashi, tia tone la mafuta panapostahili. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono uyatazame meno yakipanda: yasipoonekana vizuri juu ya bamba, ama yameshushwa, ama skrubu yake imelegea, ama yamelika. Yapapase kwa kidole. Meno yaliyolika ni mviringo na hayakwaruzi. Angalia pia kipimo cha mshono kisiwe kimerudi sifuri, na sindano isiwe butu. Sindano butu inayong'ang'ania kwenye tabaka tatu huzuia kitambaa kisiende, halafu meno yanalaumiwa bure.

La pili ndilo nililolieleza mwanzoni: chini kunavutwa, juu kunabaki. Kulithibitisha ni rahisi. Kata vipande viwili vya kitambaa kilekile, virefu kama sentimita 30, weka kipande cha pamba katikati, linganisha ncha za mwanzo, shona hadi mwisho bila pini na bila kuvuta. Ziada ya juu itakayobaki mwishoni ndiyo kiasi mguu wako unachokizuia. Kama ncha zinakutana na bado kwilti kubwa inakusumbua, basi mzigo wenyewe unavuta. Kwilti ya kitanda ni nzito, na ikining'inia nje ya meza inapingana na meno kwa kila mshono. Sogeza meza nyingine kushoto na nyuma ya cherehani, upandishe kwilti yote juu. Nimeona kwilti nyingi zikipona kwa meza tu.

Vigezo vya kulinganisha

Ukiisha kuthibitisha kwamba shida ni tabaka la juu, pima kila njia kwa maswali haya: inalishughulikiaje tabaka la juu, inaweza mistari iliyonyooka tu au na mizunguko pia, inabeba unene na ukubwa gani, inakubali cherehani ipi na inadai nini mfukoni na katika kujifunza, na inamfaa nani.

1. Mguu wa kawaida, ukiurekebisha

*Tabaka la juu.* Hakuna kinacholivuta. Unachofanya ni kupunguza kinacholizuia. Juu ya nguzo ya mguu, kwenye kichwa cha cherehani, kuna skrubu inayobana springi. Kwenye cherehani nyeusi inaonekana wazi kabisa. Kwilti nene huunyanyua mguu juu zaidi ya shati, springi inabanwa zaidi, hivyo mkandamizo uliokuwa sawa kwa shati unakuwa mkali kwa kwilti. Legeza mzunguko mmoja kinyume cha saa, jaribu, legeza tena. Simama pale wimbi la kitambaa mbele ya mguu linapotoweka huku mishono ikibaki sawasawa. Ukipitiliza, kitambaa kitayumba na sindano itaanza kuruka mishono.

Pamoja na skrubu, refusha mshono hadi milimita 3 au 3.5, kwa sababu unene hula sehemu ya urefu wa kila mshono. Weka sindano namba 14 au 16. Na piga bandi bila uvivu, mistari ya mkono iliyoachana upana wa kiganja kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa sababu kwa njia hii bandi ndiyo inayolishika tabaka la juu mahali pake.

Mikono yako iongoze tu. Ukivuta kitambaa kwa nyuma ili kuisaidia cherehani, sindano inapinda, inagonga bamba, inavunjika, na bamba linabaki na kovu litakalokata uzi kila siku.

*Mistari na mizunguko.* Mistari iliyonyooka, iliyoachana. Mistari inayokatizana ndiyo mtihani, maana ziada iliyosukumwa na mguu inagota kwenye mshono uliokwisha kushonwa na kulala kama kikunjo. Shona mistari jirani kwa mwelekeo mmoja. Ukienda na kurudi, kwilti inapinda mshazari. Kwa kuwa nafasi chini ya mkono wa cherehani ni finyu, mara nyingi utashona nusu ya kwanza, ugeuze kwilti yote, ushone nusu ya pili. Hilo halina neno, ili mradi ndani ya kila nusu mistari ifuatane.

*Unene na ukubwa.* Pamba nyembamba. Vitandikio vya meza, mito, blanketi la mtoto mchanga. Kwa kitanda cha futi sita utapambana.

*Cherehani na gharama.* Cherehani yoyote, bila kununua kitu. Unalipa kwa muda wa bandi.

*Inamfaa nani.* Anayejaribu kwilti ya kwanza, anayeshona vipande vidogo, na anayekaa mbali na duka la vipuri.

2. Mguu wa kutembea

*Tabaka la juu.* Huu una meno yake madogo kwa chini. Pembeni una mkono wenye uma unaopanda juu ya skrubu inayobana sindano. Sindano ikipanda, uma unanyanyuliwa, na meno ya juu yanapiga hatua pamoja na meno ya chini. Tabaka zote tatu zinabanwa kati ya meno mawili na kusogezwa kwa pamoja. Rudia jaribio la sentimita 30 ukiwa na mguu huu, na ncha zitakutana au zitakaribia sana kukutana. Kwa ugonjwa wa juu kubaki nyuma, hii ndiyo dawa iliyolengwa.

*Mistari na mizunguko.* Mistari iliyonyooka ndiyo nyumbani kwake, hata inayokatizana. Mawimbi mapana yanawezekana ukienda polepole. Maua madogo na mizunguko iliyobana hapana, kwa sababu kila kona inadai uzungushe kwilti nzima. Haukutengenezwa kurudi nyuma, kwa hiyo funga mwanzo na mwisho wa mstari kwa mishono mifupi badala ya kubonyeza kurudi. Kasi iwe ya wastani. Na kaza skrubu ya sindano kwa bisibisi, si kwa vidole tu, maana mtikisiko wa uma huilegeza taratibu hadi sindano inadondoka katikati ya kazi.

*Unene na ukubwa.* Pamba ya wastani, kwilti za kitanda kamili, mabegi yenye sponji nyembamba. Mguu wenyewe ni mnene, kwa hiyo kwilti iliyojaa sana inaweza kukataa kupita chini yake.

*Cherehani na gharama.* Hapa ndipo watu wanapopoteza hela, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kuna urefu tofauti wa nguzo ya mguu. Cherehani nyingi za nyumbani, pamoja na zile nyeusi za mtindo wa Singer 15 na Butterfly zilizozagaa kwetu, zina nguzo fupi, ambapo skrubu ya mguu iko karibu sentimita 2 juu ya bamba. Nyingine zina nguzo ndefu, zaidi ya sentimita 3, na baadhi ya Singer za zamani zina nguzo iliyoinama. Mguu wa aina moja haukai kwenye nyingine.

Kingine ni upana wa meno. Miguu mingi ya bei nafuu imepimwa kwa cherehani za kisasa za zigizagi zenye meno mapana. Cherehani nyeusi ya mshono ulionyooka ina meno membamba yaliyokaribiana, na ukifunga mguu mpana, meno ya juu yanaweza kuangukia bamba tupu badala ya kukutana na meno ya chini. Yakiwa hivyo hayashiki chochote. Yanapiga kelele tu. Tena tazama skrubu ya sindano: kama haichomozi upande ule uma ulipo, uma hauna pa kushika. Nenda dukani na mguu wako wa zamani mfukoni pamoja na picha ya cherehani yako kuanzia sindano hadi meno. Ukiweza, beba kichwa chenyewe ukafungiwe na kujaribiwa palepale.

Wapo pia walio na cherehani ambazo uvutaji wa juu umejengwa humo ndani. Pfaff ya Ujerumani inajulikana kwa hilo, na mfumo wake, IDT, ni wa tangu 1968: kijiguu kidogo cheusi kinachoshuka nyuma ya mguu na kuvuta tabaka la juu. Ukikutana na mtumba wa aina hiyo, hakikisha kijiguu hicho kipo na kinacheza kabla hujalipa. Ukikipata kizima, huna haja ya mguu wa kununua.

*Inamfaa nani.* Anayeshona kwilti mara kwa mara kwa mistari, na ana cherehani inayolingana na mguu. Unafanya kazi hata kwenye cherehani ya kukanyaga, kwa hiyo umeme si sharti.

3. Kushusha meno na kuendesha kwa mikono

*Tabaka la juu.* Njia hii inaondoa ugomvi kwa kuwaondoa wagombanao. Meno yanashushwa au kufunikwa, mguu unabadilishwa kwa ule wa darizi unaorukaruka, ambao unakandamiza wakati sindano iko ndani tu na kuachia ikitoka. Hakuna kinachovuta chini, hakuna kinachozuia juu. Mikono yako inasogeza tabaka zote tatu kwa pamoja.

*Mistari na mizunguko.* Kila umbo: majani, mawimbi, majina, kufuata ua la kitenge lilivyochapwa. Hapa ndipo kitenge kinapendeza kuliko pote, kwa sababu mchoro wa kufuata umekwisha kuwekwa kwenye kitambaa. Ila mstari mrefu ulionyooka kabisa ni mgumu, kwa sababu hakuna meno ya kukunyoosha.

*Unene na ukubwa.* Kwilti yoyote inayoingia chini ya mkono wa cherehani, na si lazima uigeuzegeuze.

*Cherehani na gharama.* Vifaa ni rahisi, kujifunza ndiko ghali. Cherehani nyingi za umeme zina kiswichi cha kushushia meno. Baadhi ya nyeusi zina skrubu au kitufe kwa ajili hiyo, chini ya kitanda cha cherehani au juu yake. Isiyo navyo, funika meno kwa kadi ngumu ya plastiki iliyotobolewa pale sindano inapopita, uibane kwa selotepu. Weka kipimo cha mshono sifuri. Kosa la kila anayeanza ni kusahau kushusha mkono wa kunyanyulia mguu, kwa sababu mguu wa darizi unaonekana kama uko chini muda wote. Usiposhushwa, uzi wa juu haukazwi, na unapata kichaka cha nyuzi chini ya kitambaa.

Urefu wa mshono hapa unatokana na uwiano wa miguu na mikono. Mikono ikikimbia kuliko sindano, mishono inakuwa mirefu. Sindano ikikimbia kuliko mikono, inabanana. Jifunze kwenye mabaki hadi masikio yaizoee sauti ya mwendo mmoja. Glavu zenye vipira kwenye vidole zinasaidia sana, hasa Pwani ambako jasho huifanya mikono iteleze. Cherehani ya mkono, ile ya kuzungusha kwa kishikio, haifai: mkono mmoja ukizungusha, unaobaki hautoshi kuiongoza kwilti.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira na mwenye jicho la mchoro, na yule ambaye cherehani yake haikubali mguu wa kutembea. Pia fundi wa darizi, ambaye amekwisha kuzoea mikono kuwa ndiyo meno.

4. Mashine ya kiwandani

Hapa tenganisha mbili. Mashine ya sindano moja iliyoenea kwenye karakana za nguo, kama Juki DDL-8700, ina kasi ya hadi mishono 5,500 kwa dakika, lakini uvutaji wake ni uleule wa meno ya chini. Kwa kwilti itafanya vikunjo vilevile kwa haraka zaidi. Ninayoilinganisha ni ile ya uvutaji wa pande tatu, kama Juki DNU-1541, wanayoitumia watu wa sofa, mabegi na ngozi.

*Tabaka la juu.* Meno, mguu na sindano yenyewe vinasogea pamoja. Sindano ikiwa imechoma tabaka zote tatu, inazibeba kwenda nyuma. Hakuna tabaka linaloweza kubaki.

*Mistari na mizunguko.* Mistari. Mshono unafika milimita 9.

*Unene na ukubwa.* Karibu chochote: sponji, turubai, tabaka za jinzi.

*Cherehani na gharama.* Ni nzito, ina meza na mota yake, na bei yake ni ya biashara. Imekusudiwa sindano na nyuzi nene, na sindano nene huacha matundu yanayoonekana kwenye kitenge chepesi. Kwa kwilti laini ya kulalia naona ni nguvu kupita kiasi. Lakini si lazima uimiliki. Ukipiga bandi vizuri na kuchora mistari kwa chaki, unaweza kuipeleka kwa fundi wa sofa, pale Keko, Dar es Salaam, kwa mfano, ukalipia mistari tu. Mwombe kwanza apitishe kipande chako cha majaribio, na abadilishe uzi. Uzi wa sofa ni mgumu mno kwa blanketi.

*Inamfaa nani.* Mwenye oda za mabegi, mazulia ya viraka, vitandikio vya viti, au kwilti za jinzi.

Na mkono mtupu?

Sindano ya mkono haina shida ya kuvuta, kwa sababu hakuna kinachokandamiza. Wasidi wa Karnataka nchini India, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, hushona kwilti zao ziitwazo kawandi kwa mkono kabisa, wakianzia kwenye pindo na kuzunguka kuingia ndani hadi katikati. Kwenye cherehani usithubutu mpango huo: ziada yote inasukumwa ndani na haina pa kutokea, ndiyo maana tunaanza katikati. Kwa mkono inawezekana, maana kila kipande kinalazwa kabla ya kushonwa. Ni kazi ya miezi, na huuzwa kwa bei ya kazi ya mikono.

Kulingana na hali yako

Kama hata tabaka mbili za poplini zinashtuka, rudi kwenye vumbi, meno na sindano. Njia zote hapo juu zitakuangusha kabla hujamaliza hilo.

Kama una kwilti moja ya zawadi na siku chache, legeza skrubu, piga bandi mara mbili ya unavyodhani inatosha, shona mistari iliyoachana upana wa kiganja, usikatize.

Kama una oda za kwilti za kitanda na mteja anataka miraba iliyonyooka, mguu wa kutembea utarudisha gharama yake, ukishajiridhisha na nguzo, meno na skrubu. Ukikuta haulingani, usilazimishe. Mpe mteja mchoro wa mizunguko na ushushe meno.

Kama wateja wako wanapenda maua ya kitenge yainuke, anza kujifunza kuendesha kwa mikono kwenye vifuniko vya mito. Miguu miwili inaweza pia kufanya kazi kwenye kwilti moja: wa kutembea upite kwanza mistari mikuu kuzishika tabaka, kisha meno yashushwe na maua yajazwe ndani ya miraba. Mafundi wengi wa kwilti huko Marekani hufanya hivyo, nami naona ndiyo njia ya kuanzia kwa mwenye vyote viwili.

Kama una cherehani ya mkono tu, baki na njia ya kwanza na pamba nyembamba. Ukiwa na cherehani ya kukanyaga isiyo na umeme, tatu za kwanza zote ziko wazi kwako.

Na kama kazi ina sponji nene au jinzi juu ya jinzi, usiiue cherehani ya nyumbani. Pima, chora, piga bandi, kisha mbebee fundi wa sofa.